Pale Rangi Inaposhiba

Jioni ya leo nataka tukae mbele ya testi tyubu moja.

Ndani yake mna maji ya mrututu, ule ule ambao wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Mbinga wameupulizia mibuni yao miaka nenda miaka rudi, kupambana na kutu ya majani na chulebuni. Rangi yake ni buluu nyepesi. Pembeni pana chupa ndogo ya maji ya amonia. Ukiifungua tu, pua inakujulisha. Natia tone la kwanza. Papo hapo panajitokeza kitu kama ukungu, kisha kinaganda: mashapo ya buluu iliyopauka, mazito, yanashuka polepole kama chicha ndani ya tui. Tone la pili, la tatu, la nne, mashapo yanazidi. Naendelea kutia. Halafu yale mashapo yanaanza kuyeyuka, na mahali pake inaingia buluu nyingine kabisa, buluu ya usiku, nzito kiasi kwamba ukiweka kidole nyuma ya testi tyubu hukioni.

Aliyepita katika maabara ya sekondari, awe Tanzania, Kenya au Uganda, jambo hili analijua. Amelikariri kwa Kiingereza, neno kwa neno: mashapo ya buluu, yanayeyuka amonia inapozidi, basi ni shaba. Anaandika, anapata alama zake, anaosha testi tyubu, anaondoka. Mimi ni mwalimu wa kemia, na kwa miaka mingi nilifundisha hivyo hivyo. Nilidhani nimefundisha.

Siku moja binti mmoja wa kidato cha tatu hakuacha pale wenzake walipoachia. Wenzake walikwisha andika jibu, yeye bado anatia amonia, tone baada ya tone, macho kwenye testi tyubu. Nilimsogelea nikidhani anaharibu kemikali. Akaniambia, "Mwalimu, naongeza lakini haibadiliki tena. Imeshiba."

Nikaitazama. Kweli ilikuwa imesimama pale pale. Ilichujuka kidogo, kidogo sana, kwa ajili ya maji yaliyokuwa yakiongezeka, lakini rangi yenyewe haikuhama. Na hilo neno, imeshiba, sikulipata katika kitabu chochote nilichosoma chuoni, nacho kisa chote kimo ndani yake. Shaba ina kiasi chake cha amonia. Ikikipata, inayobaki inaelea majini bila pa kushika. Kiasi hicho hakibadiliki kwa sababu mwanafunzi ana haraka au kwa sababu chupa imejaa. Kila atomu moja ya shaba inachukua molekuli nne za amonia.

Sasa nieleze, maana neno "inachukua" linaweza kupotosha. Metali kama shaba, chuma, nikeli au kobalti ikiwa ndani ya maji haikai peke yake. Huzungukwa na molekuli au chembe nyingine zenye jozi ya elektroni za kushirikiana nayo. Hizo wanakemia wanaziita ligandi. Maji ni ligandi. Amonia ni ligandi. Kloridi, ile ya kwenye chumvi ya mezani, ni ligandi pia. Metali iko katikati, ligandi ziko kandokando, na nafasi za kukaa zinahesabika. Amonia ilipoingia katika testi tyubu yetu haikukuta viti vitupu. Ilikuta vimekaliwa na maji, ikayaondoa, ikakaa yenyewe. Buluu ile nyepesi ni rangi ya shaba iliyozungukwa na maji. Buluu ya usiku ni rangi ya shaba ile ile ikiwa imezungukwa na amonia. Ligandi mpya imebana elektroni za shaba kwa namna nyingine, kwa hiyo shaba inameza sehemu nyingine ya mwanga, na ile inayobaki kutufikia machoni ni tofauti.

Kwa nini nasema maji nayo yanahesabika? Chukua mrututu mkavu, yale mawe ya buluu yanayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Usiuonje, ni sumu, na usitumie sufuria ya jikoni. Weka gramu 25 kwenye chombo cha maabara, pasha moto taratibu huku ukikoroga. Buluu inaanza kufifia, mvuke unatoka, na mwisho unabaki na unga mweupe kama sembe. Upime. Ni gramu 16. Zile gramu 9 zilizopotea ni maji, na ndizo zilizobeba ile buluu. Angusha tone moja la maji juu ya unga huo mweupe: buluu inarudi pale pale lilipoangukia, na unga unapata joto unaloweza kulihisi kupitia chombo.

Tufanye hesabu sasa hivi, haihitaji kalamu. Molekuli ya maji ina uzito wa 18; ule unga mweupe, karibu 160. Gramu 9 ukigawa kwa 18 unapata nusu. Gramu 16 ukigawa kwa 160 unapata moja ya kumi. Ndani ya nusu mna moja ya kumi ngapi? Tano. Kwa hiyo kila shaba moja ina maji matano. Mrututu ukinunua Moshi ni hivyo, ukinunua Nakuru ni hivyo, ukiupata Lubumbashi kule shaba inakochimbwa ni hivyo. Katika hayo matano, manne yameishika shaba yenyewe na la tano limejibana upande wa salfeti. Hilo la tano ndilo linalochelewa kutoka: linataka moto wa nyuzi 200 na zaidi. Kwa hiyo mkipata karibu gramu 18 badala ya 16, msiseme mzani umekosea. Rudisheni chombo motoni.

Lakini testi tyubu ya shaba na amonia haikuonyeshi hatua. Inakwenda kama ngazi iliyofunikwa kwa shuka: unajua umepanda, hujui umepanda vidato vingapi. Anayetaka kuviona vidato vyenyewe atafute nikeli.

Myeyusho wa nikeli ni kijani, kijani cha jani changa la mgomba. Ligandi yake kwa jaribio hili inaitwa ethilinidaiamini. Jina refu, lakini umbo lake ni rahisi: ni molekuli fupi yenye naitrojeni kila ncha, kama mtu mwenye mikono miwili. Amonia inashika metali kwa mkono mmoja. Hii inashika kwa yote miwili. Nikeli ina nafasi sita. Mwenye mikono miwili anakalia nafasi mbili. Tayari wewe unayenisikiliza umeshajua jibu, lakini subiri tulione kwa macho.

Tayarisha myeyusho wa nikeli na myeyusho wa ligandi vyenye nguvu sawa, yaani kila mililita ya huu ina idadi ya chembe sawa na mililita ya ule. Panga testi tyubu nne, kila moja tia mililita 2 za nikeli. Ya kwanza iache hivyo, kijani. Ya pili iongezee mililita 2 za ligandi: kijani kinakimbilia buluu nyepesi. Ya tatu iongezee mililita 4: buluu kamili. Ya nne mililita 6: zambarau, ile ya tunda la zambarau lililoiva. Sasa chukua hiyo ya nne, uiongezee mililita nyingine 2. Subiri. Ongeza 2 tena. Hakuna kitu. Moja, mbili, tatu, basi. Mimi sijawahi kuchoka kuliangalia jambo hili. Kila mara najua litakalotokea, na kila mara ile zambarau ikisimama nahisi kama mtu amenijibu.

Kemikali hii ina harufu kali na inaunguza ngozi, na si rahisi kupatikana katika shule nyingi. Walimu wananiuliza: je, sisi tusio nayo tufanyeje? Hapo ndipo namleta Mfaransa mmoja, Paul Job, ambaye mwaka 1928 alichapisha njia ya kuhesabu ligandi kwa kutumia rangi. Njia yake ni ya akili kuliko ya vifaa, nami nitaieleza kwa mafiga.

Chungu kinakaa juu ya mafiga matatu. Mawili hakikai, la nne ni la ziada. Sasa nikwambie una vitu 40 kwa jumla, vyungu na mafiga, na wewe ndiye unayeamua vyungu viwe vingapi na mafiga mangapi, mradi jumla ibaki 40. Ungependa vyungu vingi iwezekanavyo viwe motoni. Ukichukua vyungu 20 na mafiga 20, unainjika vyungu 6 tu, na mafiga mawili yanabaki yakitazamana na vyungu 14 visivyo na pa kukaa. Ukichukua vyungu 5 na mafiga 35, unainjika vitano, na mafiga 20 yanabaki yamerundikana. Jaribu vyungu 8 na mafiga 32: vinapikika 8. Jaribu 12 na 28: vinapikika 9. Jaribu 10 na 30: vyote 10, na hakuna kilichobaki. Hapo ndipo kilele. Na tazama sasa: mtu ambaye hajawahi kuona jiko la mafiga, akipewa orodha hiyo tu ya vyungu vilivyopikika, ataweza kukwambia kwamba chungu kimoja kinakalia mafiga matatu. Amelijua bila kulitazama.

Job alifanya hivyo hivyo kwa metali na ligandi. Jumla haibadiliki, mgawo ndio unaobadilika, na rangi iliyokolea kuliko zote inaonyesha pale ambapo hakuna kilichobaki.

Jaribio ninalolipenda kwa shule ni la chuma na asidi ya salisiliki. Asidi hii ni nduguye aspirini. Wapo wanaoitumia katika dawa za kupaka za fangasi, na vidonge vya aspirini vikichemshwa na kostiki huvunjika na kuitoa. Ikikutana na chuma cha aina ya feriki, inatoa urujuani mzuri ajabu. Tengeneza myeyusho wa chuma na myeyusho wa salisiliki, vyote viwili hafifu na vyenye nguvu sawa, na kila kimoja kiwe na asidi kidogo. Panga testi tyubu 9. Ya kwanza mililita 1 ya chuma na 9 za salisiliki. Ya pili 2 na 8. Ya tatu 3 na 7. Endelea hivyo hadi ya tisa, 9 na 1. Kila testi tyubu ina mililita 10. Zisimamishe mbele ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha.

Utaona rangi inapanda na kushuka kama wimbi lililoganda: hafifu pembeni, inakolea, inakolea, halafu inafifia tena upande wa pili. Iliyokolea zaidi ni ya tano, pale 5 inapokutana na 5. Ya nne na ya sita zinafanana, ya tatu na ya saba zinafanana. Chuma kimoja, salisiliki moja. Huhitaji mashine yoyote. Kifaa cha kupimia mwanga kitakupa namba na mchoro mzuri, lakini jicho la mwanafunzi aliyekaa benchi la nyuma linatosha.

Ile asidi kidogo niliyosema muitie, msiiache. Bila hiyo, chuma kile kile kinaanza kukaribisha salisiliki ya pili na ya tatu, na rangi inauacha urujuani inakwenda kwenye wekundu na kisha manjano. Uwiano haubadiliki kiholela, lakini una masharti yake. Mafiga matatu ni ya chungu; ukibadilisha chombo, ukaweka kikaango kipana, huenda ukahitaji jiwe jingine.

Na nieleze siku jaribio hili liliponikatalia, kwa sababu siku hiyo nilijifunza kuliko siku zote lilizokubali. Nilikuwa mwalimu kijana. Nilipima kloridi ya chuma kwa uangalifu, nikaiyeyusha, tukapanga testi tyubu zetu tisa. Iliyokolea haikuwa ya tano. Ilikuwa ya sita. Ya tano na ya saba zikawa sawasawa pande zake, safi kabisa, wala huwezi kusema ni bahati mbaya ya kumwaga vibaya. Tukarudia, sita tena. Kwa mujibu wa testi tyubu zile, chuma tatu zilikuwa zinashika salisiliki mbili. Wanafunzi walikuwa tayari kuandika. Mimi nilikuwa najua si kweli lakini sikujua kosa liko wapi, na niliondoka maabara siku ile nikiwa na uzito moyoni.

Usiku nikakumbuka yale mabonge ya manjano niliyoyapima. Kloridi ya chuma iliyokauka kabisa ni nyeusinyeusi. Ile ya manjano imekwisha kunywa maji: kila chuma kina maji sita. Hesabu yangu nilikuwa nimeipiga kana kwamba maji hayo hayapo. Uzito wa ile kavu ni 162, wa ile yenye maji ni 270. Kwa hiyo myeyusho wangu wa chuma ulikuwa na nguvu ya asilimia 60 tu ya ile niliyodhani. Mililita 6 zake zilibeba chembe za mililita 3.6, na mililita 4 za salisiliki zikakaribia kuzilinganisha. Ndiyo maana ya sita ikashinda. Testi tyubu hazikukosea hata kidogo. Zilikuwa zinaniambia kwa rangi kwamba nimesahau maji, tena maji yale yale ambayo mengine yake yalikuwa yamekalia nafasi za ligandi kwenye chuma changu tangu kwenye kopo. Asubuhi nilirudi darasani nikawaeleza kosa langu, tukapima upya, ya tano ikakolea. Tangu siku hiyo, kabla sijapima kitu chochote, nasoma lebo mpaka mwisho.

Msikilizaji, watu walifikaje kujua haya yote? Karne ya 19 wanakemia wa Ulaya walikuwa na misombo ya kobalti na amonia ambayo waliipanga kwa rangi, maana hawakuwa na njia bora zaidi. Kulikuwa na ya manjano, yenye amonia sita kwa kila kobalti. Kulikuwa na ya zambarau nyekundu, yenye amonia tano. Na yenye amonia nne, ya kijani. Zote zilikuwa na kloridi tatu. Jambo lililowasumbua ni hili: ukiziyeyusha na kutia nitreti ya fedha, ambayo kazi yake ni kuikamata kloridi na kuishusha chini kama mashapo meupe, ile ya manjano inatoa kloridi zote tatu. Ya zambarau inatoa mbili. Ya kijani inatoa moja tu. Hizo nyingine zimejificha wapi?

Mdenmark mmoja aitwaye Sophus Mads Jørgensen alizitengeneza kemikali hizi kwa ustadi usio na mfano, na alikuwa na maelezo yake: amonia zimeungana mnyororo, moja nyuma ya nyingine. Kisha akatokea Alfred Werner, mzaliwa wa Mulhouse, Alsace, hajafika hata miaka 27. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa mwaka 1892 aliamka saa nane, jibu limemjia usingizini, akakaa mezani akaandika bila kuacha mpaka saa kumi na moja jioni. Hesabu yake ni ndogo, mtoto wa darasa la pili anaiweza. Amonia sita, kloridi sifuri ndani: sita. Amonia tano, kloridi moja ndani: sita. Amonia nne, kloridi mbili ndani: sita. Kobalti ina nafasi sita kuizunguka, na amonia ikipungua kloridi inaingia kujaza pengo. Iliyoingia ndani imeshikwa, fedha haiwezi kuikamata. Iliyobaki nje ndiyo inayoshuka.

Werner alichapisha mwaka 1893, na kwa miaka mingi aliendelea kutafuta ushahidi huko Zürich alikofundisha. Sehemu kubwa ya ushahidi wa mwanzo ilitoka katika kazi ya Jørgensen mwenyewe, mpinzani wake, kwa sababu Jørgensen alikuwa mwaminifu katika vipimo vyake hata pale vilipomsaidia mtu mwingine. Nadharia ya Werner ilidai kwamba ile ya amonia nne lazima iwe na pacha wa rangi nyingine, kwa kuwa zile kloridi mbili zinaweza kukaa zikitazamana au zikiwa jirani. Mwaka 1907 pacha huyo akapatikana, rangi yake urujuani, na Jørgensen akakubali. Nobeli ya Kemia ya mwaka 1913 ilikwenda kwa Werner. Nikifundisha kisa hiki huwasimulia wote wawili, maana bila mikono ya yule mzee wa Copenhagen, ndoto ya kijana wa Zürich ingebaki ndoto. Na kobalti yenyewe, ambayo kwao ilikuwa unga wa rangi katika vichupa, leo zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka Kongo, Kolwezi na maeneo yake, na wengi wa wanaoichimba huongea lugha hii tunayoongea.

Mtu aliyenisikiliza vizuri atauliza: kama ni sita, mbona shaba imeshiba kwa nne? Yule binti aliniuliza hivyo hivyo, wiki mbili baadaye. Shaba nayo ina pande sita, lakini elektroni zake zimepangika kwa namna inayovuta umbo lake kama mtu anayevuta unga wa chapati. Ligandi nne zinakaa karibu na kushikwa barabara. Mbili, ya juu na ya chini, zinasukumwa mbali, zimeshikwa kwa ulegevu, na mara nyingi ni maji tu yanayokaa hapo. Ukimimina amonia kali sana unaweza kuisogeza ya tano, kwa shida. Nne ndizo zinazokaa.

Hesabu hii hii unatembea nayo mwilini. Ndani ya chembechembe nyekundu za damu yako mna himoglobini, na ndani ya kila himoglobini mna chuma nne. Kila chuma ina nafasi sita, zile zile za Werner. Nne zimeshikwa na naitrojeni za pete bapa iliyoizunguka. Ya tano imeshikwa na protini kutoka chini. Inabaki moja, kiti kimoja tu, na hicho ni cha oksijeni. Chuma moja, oksijeni moja. Ikikalia, damu ni nyekundu angavu. Ikiondoka, damu inakolea na kuwa nyekundu ya giza.

Kiti kimoja. Ndiyo maana kila msimu wa baridi nasema, na leo nasema tena kwa sauti hii inayofika Iringa, Njombe, Arusha, Limuru na kokote kunakolala watu na jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Inakwenda kwenye kiti kile kile cha oksijeni na kukishika kwa nguvu ya zaidi ya mara 200. Oksijeni imejaa chumbani lakini haina pa kukaa. Damu ya mtu huyo haionekani mgonjwa. Ni nyekundu, nyekundu ya kung'aa, kwa maana chuma zake zimeshiba, zimeshiba kitu kisichompa uhai. Kuiondoa kunachukua saa kadhaa hata katika hewa safi, ndiyo maana hospitalini hupewa oksijeni tupu. Toa jiko nje kabla hujalala. Likishamaliza kupika, lisirudi ndani kupasha joto.

Kuna kiumbe wa pwani yetu aliyechagua metali nyingine. Pweza, yule ambaye akina mama wa Unguja na Pemba humtafuta kwenye miamba bamvua linapotoa maji mbali, hana himoglobini. Kaa na kamba nao hawana. Damu yao inabeba oksijeni kwa shaba, kwa protini iitwayo hemosayanini. Shaba zake hukaa mbili mbili, zimetazamana, na oksijeni inaingia katikati yao ikashikwa huku na huku. Wakati haina oksijeni, damu hiyo haina rangi, ni kama maji. Oksijeni ikiingia, inageuka buluu. Yule binti wa kidato cha tatu nilimpa jambo hili alihesabu mwenyewe, kwa vidole: shaba mbili, oksijeni moja.